Kukodi Gari la Kusindikiza Msafara wa Baiskeli wa Siku Kadhaa

Kundi la waendesha baiskeli linapopanga kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kwa siku nne, likipitia Bagamoyo, Msata na Segera, mazungumzo ya miezi ya mwanzo huwa juu ya baiskeli, mazoezi na mahali pa kulala. Gari la kusindikiza hutafutwa wiki ya mwisho, kwa simu, na anayetaja bei ya chini ndiye anayepewa kazi. Baada ya kuandaa safari za namna hii kwa miaka kadhaa, ninaamini kwamba gari linastahili kutafutwa kwanza, na kwamba kila huduma ipimwe kwa swali moja: mtu wa mwisho katika msafara, yule aliyeishiwa nguvu au aliyepata pancha akiwa peke yake, atafikiwa baada ya muda gani?

Swali hilo nililipata kwa gharama. Safari moja tulikodi Coaster safi, yenye dereva mstaarabu aliyezoea kubeba watu wa harusi na misiba. Alipoona walio mbele wamekaribia Msata, naye alikwenda huko akaegesha kivulini kuwasubiri wote. Mwenzetu mmoja alikuwa nyuma kwa zaidi ya kilomita kumi na tano, saa saba mchana, tyubu imepasuka na maji yamemwishia, na aliyemfikisha kwetu alikuwa kijana wa bodaboda aliyemwonea huruma. Dereva hakufanya uzembe kwa jinsi alivyoielewa kazi yake. Sisi ndio hatukumweleza tunachokihitaji, na tulizungumza na mwenye gari pekee.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili bei, ombeni kuonana na dereva atakayesafiri nanyi, na mumwombe aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyofanya kazi barabarani. Wengi hujibu kwamba watatembea polepole nyuma ya kundi mwanzo hadi mwisho, na jibu hilo huwafurahisha waandaaji wageni. Katika barabara ya Chalinze hadi Segera, ambayo hubeba mabasi na malori ya Tanga, Moshi na Arusha, gari linalojikokota kwa kilomita 20 kwa saa ndani ya njia ni hatari kwa linaowalinda, kwa sababu basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hulikuta ghafla kwenye kona au kwenye mgongo wa mlima, na likikwepa huweza kuingia upande wa waendesha baiskeli. Injini nayo huchemka na klachi huisha. Utaratibu ninaoupendekeza ni wa kupokezana: gari linasubiri mahali salama nje ya lami hadi mtu wa mwisho apite, kisha linasogea kilomita tano hivi na kusubiri tena, bila kumpita mtu wa mwisho na kumwacha kwa umbali unaozidi huo. Kundi linalozidi watu kumi na watano lihesabu magari mawili, moja la kutangulia kuandaa maji na chakula na jingine lisilotoka mkiani. Dereva anayeuliza ni nani atakayekuwa wa mwisho, na kama ana namba ya simu ya mtu huyo, ameielewa kazi.

Aina ya gari hufuata hesabu ya watu na mizigo. Coaster ina viti vya kutosha, ila baiskeli hazipiti vizuri mlangoni, hivyo viti vya nyuma hung'olewa au baiskeli hufungwa juu ya keria zikiwa zimelazwa juu ya mablanketi. Canter yenye bodi hubeba baiskeli zote zikiwa zimesimama, lakini gari la mizigo haliruhusiwi kubeba abiria, na waliochoka hawawezi kurundikwa nyuma pamoja na baiskeli. Kipimo changu ni kwamba gari au magari yaweze kubeba angalau nusu ya watu pamoja na baiskeli zao kwa mkupuo mmoja. Wanaoelekea Iringa wanahitaji zaidi ya hapo: barabara kuu hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, tembo na nyati huvuka muda wowote, na hapo ninashauri watu wote na baiskeli zote zipakiwe kabla ya kuingia hifadhini na kushushwa mji wa Mikumi.

Nyaraka zisichukue muda mrefu, ila zisirukwe. Gari la biashara lina namba nyeupe. Lenye namba za njano ni la mtu binafsi, hata kama mwenyewe anasema hulikodisha kila wiki. Ombeni kuona leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, yaani mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, leseni ya dereva iliyo na daraja C linalolingana na idadi ya abiria, na bima, ambayo uhalali wake huhakikiwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Ulizeni kama ni bima kubwa, inayolipia hata gari lenyewe, au ndogo, inayolipia madhara kwa wengine tu, na msidhani kwamba yoyote kati ya hizo inagharamia baiskeli zilizopakiwa. Jambo hilo lijibiwe kwa maandishi.

Vilivyomo ndani ya gari ndivyo vinavyotofautisha huduma ya kusindikiza na usafiri wa kawaida. Katika joto la Pwani mtu hunywa nusu lita hadi lita moja kwa saa, kwa hiyo watu 12 wanaoendesha saa sita huhitaji kwa wastani zaidi ya lita 50 kwa siku, yaani madumu matatu ya lita 20, pamoja na chumvi chumvi za kuongeza maji mwilini. Ndizi na machungwa hupatikana njiani kwa wingi, hasa Muheza, na hakuna haja ya kuyabeba kutoka Dar. Vipuri ni habari nyingine. Maduka ya vijijini yana tairi na tyubu za baiskeli za Phoenix na nyingine za aina hiyo, na wengi hudanganywa na namba: tairi la Phoenix la inchi 28 hukaa kwenye rimu ya milimita 635, ilhali rimu ya 700C ya baiskeli za mbio ni milimita 622, na mawili hayo hayaingiliani. Pampu za mafundi wa huko pia mara nyingi hazishiki valvu nyembamba. Huduma nzuri hubeba tyubu za kila saizi iliyomo katika kundi, matairi mawili ya akiba, mnyororo, spoku, nyaya za breki na pampu ya kusimama, na afadhali iwe na fundi anayelala pale mnapolala, kwa kuwa matengenezo mengi hufanyika jioni.

Katika bei, tengeni kinachofichwa na neno "kwa siku". Mkataba utaje anayelipa mafuta, posho na malazi ya dereva, siku ya gari kurudi tupu Dar, na gari mbadala litafika ndani ya saa ngapi endapo la kwanza litaharibika. Utaje pia hospitali mtakazozitegemea njiani, kama Bombo iliyoko Tanga, na nani ataondoka na majeruhi huku nani akibaki na msafara. Malipo ya awali yasizidi nusu, na mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Kabla ya kutia saini, fanyeni safari moja ya majaribio Jumamosi, na dereva huyohuyo, kutoka Mwenge hadi Bagamoyo. Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya foleni ya Tegeta na Bunju kuanza. Mwombeni mwenzenu mmoja asimame kwa makusudi baada ya Mapinga, bila kumpigia dereva simu, kisha aangalie saa yake. Gari likimfikia ndani ya dakika ishirini, na dereva akashuka kuuliza hali yake kabla ya kuuliza habari za baiskeli, tieni saini.