SOMO: Kuandaa akaunti zako za mitandao kabla hujaanza kuomba kazi

Wakuu, nimechoka kujibu kitu kimoja inboksi kila siku, naandika hapa mara moja, anayeuliza tena nampa linki. Someni mpaka chini kwanza ndo muulize.

1. Jitafute. Fungua kivinjari bila kuingia akaunti yoyote, andika jina lako kamili, pitia na upande wa picha. Unachokiona hapo ndo anachokiona anayetaka kukuajiri.

2. Facebook ina sehemu ya kubana posti zako zote za zamani kwa mpigo, zilizokuwa wazi kwa kila mtu zinabaki kwa marafiki tu. Kubana ni sekunde ila kurudisha ni posti moja moja, kwa hiyo kama kuna kazi zako nzuri huko za kuonyesha usikurupuke. Na haigusi vitu walivyoposti wengine wakakutagi, hizo tagi ujitoe mwenyewe. Picha ya jalada inaonekana na kila mtu, weka ya heshima.

3. Picha ya profaili: uso, mwanga, uko peke yako. Basi.

4. Mstari wa chini ya jina pale LinkedIn (ule mtandao wa mambo ya kazi), unapewa herufi 220. Anayetafuta mhasibu anaandika neno mhasibu kwenye kutafuta, haandiki "mchapakazi mwenye ndoto kubwa", sasa wewe usipoandika jina la kazi yako atakupataje? Weka kazi, unachokijua zaidi, na programu unazotumia.

5. Vyeo na tarehe vilingane na CV. Miezi ikipishana tu unaonekana muongo.

6. HAPA TULIENI, hasa mlio kazini. LinkedIn kuna kitu kinaitwa Open to Work, cha kuonyesha kwamba unatafuta kazi, kina njia mbili. Moja inaweka duara la kijani kwenye picha yako na kila mtu anaona, bosi wako yumo. Ya pili wanaona wale tu wanaolipia huduma ya LinkedIn ya kutafuta wafanyakazi, na LinkedIn inajaribu kukuficha kwa wa kampuni yako, lakini wenyewe wanasema wazi hawakuhakikishii kwa asilimia mia. Na inawezaje kukuficha kama kampuni uliyonayo sasa hujaijaza vizuri kwenye profaili? Ijaze, uichague kwenye orodha inayojitokeza, usiandike tu kwa mkono. Halafu wakala wa nje anayeitafutia kampuni yenu watu yeye sio mfanyakazi wenu, hafichwi, anakuona na anaweza kumtajia bosi wako kwenye maongezi ya kawaida kabisa. Jingine, kabla hujabadilisha chochote kwenye kazi zako zima kile kitufe cha kuwataarifu watu wako, usipozima unahariri cheo usiku asubuhi watu wanakupongeza kwa kazi mpya ambayo haipo na ofisi nzima inauliza unahama lini. Nimeona watu wakiitwa kujieleza kwa hili.

7. Badilisha linki ya profaili yako ya LinkedIn itoke kwenye yale manamba, ibaki jina lako, uiweke kwenye CV.

Maswali sasa.

Mdau 1: Mkuu mi nina LinkedIn ila sipati kazi nifanyeje
Jibu: Umefanya ipi kati ya hizo saba? Anzia hapo.

Mdau 2: Samahani kaka, nimemaliza chuo juzi tu, sehemu ya uzoefu niiache tupu?
Jibu: Usiiache tupu mdogo wangu. Mafunzo kwa vitendo ni uzoefu, kujitolea ni uzoefu, mradi wa mwisho wa chuo una sehemu yake unaweka na picha au faili. Andika ulichofanya wewe kwa mikono yako, sio kampuni inafanya nini. "Nilipanga kumbukumbu za stoo kwenye Excel" inamwambia mtu kitu, "nilishiriki katika shughuli mbalimbali" haimwambii. Ukikwama nitumie nikupitishie.

Mdau 3: Hilo duara la kijani linakufanya uonekane una shida, unapotosha watu
Jibu: Soma namba 6 tena, sijamwambia mtu aliweke. Ila asiye na kazi hana wa kumficha, akitaka aliweke, kutafuta kazi sio aibu.

Mdau 4: Niliruhusu LinkedIn isome namba zote kwenye simu, imetuma mialiko hadi kwa wateja wa ofisini!! Naitoaje?
Jibu: Pole sana dada. Nenda kwenye mialiko uliyotuma, iondoe mmoja mmoja, mtu haletewi taarifa kwamba umeiondoa. Ila kumtumia tena huyohuyo utasubiri mpaka wiki tatu. Hayo mambo ya kusoma namba na anwani za watu wako yalishawapeleka LinkedIn mahakamani huko Marekani, watu walilalamika wanatumiwa vikumbusho kwa majina yao bila ridhaa, 2015 LinkedIn ikakubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi. Zima na ule usawazishaji wa anwani, ili isiendelee kusoma namba za simu yako.

Mdau 5: Kuna njia ya kuangalia profaili ya anayenifanyia usaili bila yeye kujua?
Jibu: Swali zuri. Ipo, unajiweka hali ya faragha kwenye mipangilio, ila kama hulipii na wewe hutaona walioangalia yako. Mi ningemwangalia wazi tu, kabla ya usaili ni jambo la kawaida, inaonyesha umejiandaa.

Mdau 6: Mtu kaniandikia LinkedIn nimepata kazi, tuhamie Telegram nitume hela ya fomu. Nitume?
Jibu: USITUME. Hujaomba, hujasailiwa, kazi umepataje? Mripoti LinkedIn kupitia akaunti yake ileile aliyokuandikia, na kama umeshampa kitambulisho toa taarifa polisi leo.

Mdau 7: Naongezea, mnaofuta posti za zamani Facebook pakueni kwanza nakala ya taarifa zenu zote, ipo kwenye mipangilio. Picha za familia zikishafutika kabisa hazirudi.
Jibu: Asante mkuu, hii naipandisha juu kwenye namba 2.