Kanda ya Masaa Manne Haitoshei Diski Moja

Kanda ya video ya VHS ikiletwa kwangu niihamishie kwenye DVD, cha kwanza naangalia ubavuni. Pameandikwa E-180 au E-240. Hizo ni dakika, yaani masaa matatu au manne. Diski ya kawaida ya DVD ina gigabaiti 4.7, na ugomvi unaanzia hapo, kwa sababu mwenye kanda anataka kila kitu kiingie kwenye diski moja.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Nina chumba kidogo ghorofani, Luthuli Avenue, Nairobi, na miaka ya mwanzo nilikuwa nikishindilia diski kama makanga anavyoshindilia abiria jioni ya mvua. Mama mmoja wa Kayole akaniletea kanda ya ruracio, sherehe ya mahari, ya bintiye, E-240 iliyojaa hadi mwisho. Nikaweka rekoda kwenye LP, kipimo cha masaa manne kwa diski, yote yakaingia, nikaokoa bei ya diski moja. Jumamosi akarudi. Tukaketi tukatazama pale akina mama wanapoingia langoni na viondo mgongoni wakiimba. Sauti ilikuwa sawa. Lakini mistari ya rangi kwenye viondo ilikuwa imegeuka viraka vya mraba, na kila walipotikisa mabega, viraka navyo vikaruka. "Kijana wangu," akaniuliza, "hawa wanacheza ama wanazama?"

Nilirudia kazi bila malipo.

Rekoda nyingi za DVD zina vipimo hivi: XP ni saa moja kwa diski, SP masaa mawili, LP manne, EP sita na zaidi. Herufi hubadilika kidogo kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hivyo wewe fuata masaa. Kuna hesabu ya haraka: chukua 600 ugawe kwa dakika za kanda, utapata ni megabiti ngapi kwa sekunde picha na sauti zitagawana. Dakika 120 zinakupa 5. Dakika 240 zinakupa 2.5, na hizo ndizo zilizowazamisha wale akina mama.

Wengi huniambia, kanda yenyewe imezeeka, picha mbovu, si uweke tu kipimo cha chini? Ni kinyume kabisa. Mashine huokoa nafasi kwa kutorudia kitu ambacho hakijabadilika tangu fremu iliyopita. Ukuta uliotulia karibu haugharimu kitu. Kanda iliyochakaa ina chenga, na chenga hazitulii, ukuta uleule unachemka kama uji jikoni. Mashine haijui kuwa huo ni uchafu. Inaulipia kama picha, na masalio ndiyo yanaenda kwa uso wa bibi harusi.

Ndiyo maana nusu ya kazi ya ubora hufanyika kabla hujagusa kipimo. Chungulia kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiona unga mweupe juu ya utepe huo ni ukungu, usiitie kwenye deki, maana utachafua vichwa vinavyosoma utepe na kuambukiza kanda zingine. Kama ni safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja ili utepe ulegee na kujipanga upya. Rekebisha trakingi, yaani jinsi deki inavyofuata utepe, hadi chenga zipungue. Kanda ya jamaa aliyekuwa Marekani ina mfumo wa NTSC, wa mistari 525, na wetu ni PAL, mistari 625, kwa hivyo hakikisha deki na rekoda zote zinaukubali.

Sasa chagua. Kwangu ni SP, masaa mawili kwa diski, basi. Kanda ya masaa matatu ni diski mbili. Mahali pa kukatia hapasumbui: hakuna sherehe ya kwetu isiyo na dakika kumi za watu kwenye foleni ya chakula. Ikizidi kidogo, tuseme dakika 140, rekoda zingine zina kipimo cha FR kinachokadiria chenyewe. Kwa ibada na hotuba kinatosha. Kwa ngoma, sikitumii.

Mteja akikataa katakata diski ya pili, masaa matatu naingiza kwa kompyuta, na napunguza upana wa picha: nukta 352 kwa 576 badala ya 720 kwa 576. VHS haina undani wa kujaza upana wote ule, hasara ni ndogo na kila kipande cha picha kinapata megabiti zaidi. Urefu usiuguse. Ukishuka hadi 288 unatupa nusu ya mistari, na mwendo uliokuwa laini unaanza kukwama-kwama.

Sauti weka Dolby, ambayo imebanwa, si LPCM isiyobanwa. LPCM inakula megabiti 1.5 kwa kila sekunde, na kwenye SP hiyo ni karibu theluthi ya mgao wako, kwa sauti ya maikrofoni iliyokuwa ikipigwa na upepo tangu siku ile. Kwenye kompyuta pia, ziba kwa rangi nyeusi ile mistari michache inayotetemeka chini kabisa ya picha. Televisheni za zamani ziliificha. Mashine inaihangaikia bure.

Kabla ya kuchoma diski ya kudumu, jaribu dakika moja kwenye diski ya RW, ile inayofutika. Usichague hotuba ya MC, hapo kila kipimo kinapendeza. Chagua dakika mbaya kuliko zote: vumbi, majani yakipepea, watu wakicheza wamevaa mistari. Itazame kwenye televisheni kubwa, si kile kioo kidogo cha kazini.

Na stima. Ikipotea katikati unaweza kupoteza diski nzima, ndiyo maana rekoda yangu iko kwenye UPS, betri ya akiba. Ukimaliza, funga diski kwa kitufe cha fainalaizi, la sivyo itacheza kwako na kukataa kwa mwenyewe. Kanda mrudishie, asiitupe.

Ile ya Kayole ilitoka diski mbili. Yule mama alichukua kalamu yangu ya wino akaandika mwenyewe. Ya kwanza, "Viondo". Ya pili, "Chakula".