Kupanga ratiba ya mradi, na la kufanya kazi inapochelewa

Kabla ya kuweka tarehe, orodhesha kazi. Kila kazi iandikwe kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuona imekwisha: "kufunga milango 4", si "mambo ya milango". Inayozidi wiki mbili ikate vipande. Kisha kando ya kila moja andika itachukua siku ngapi na inasubiri nini kiishe kwanza.

Siku usizikisie mwenyewe. Muulize atakayeifanya kazi: ikienda vizuri siku ngapi, kwa kawaida ngapi, mambo yakiharibika ngapi? Ile ya kawaida zidisha kwa 4, jumlisha na hizo nyingine mbili, gawanya kwa 6. Fundi umeme akikujibu 3, 4 na 11, andika 5.

Chukua ukarabati wa ofisi, na tuseme mafundi hawapumziki hata siku moja. Kuvunja siku 3, nyaya 5, plasta 5, kukauka 7, rangi 3. Jumla 23, na kila kazi inaisubiri iliyotangulia. Milango nayo inaagizwa siku ya kwanza, inafika baada ya siku 10, na inafungwa kwa siku 2, plasta ikishapigwa lakini kabla ya rangi. Rangi inaanza baada ya siku ya 20, kwa hiyo milango ikifika hata siku ya 18 hakuna kinachoharibika. Ina nafasi ya siku 8. Nyaya hazina hata moja. Milango ikichelewa siku 10, mradi unasogea siku 2, sawasawa na nyaya zikichelewa siku 2 tu. Ndiyo maana simu ya kwanza asubuhi apigiwe fundi umeme, hata kama mwenye milango ndiye anayelalamikiwa na kila mtu.

Wengi hukosea kwenye kalenda. Plasta hukauka hata Jumapili, fundi hafanyi kazi Jumapili. Ukizihesabu siku za aina hizi mbili kana kwamba ni moja, tarehe ya mwisho ni ya uongo tangu siku ya kwanza.

Akiba ya muda usiigawe kwa kila kazi. Aliyepewa siku 7 za kazi ya siku 5 mara nyingi huanza siku ya tatu, na tatizo likitokea akiba imekwisha kuliwa. Iweke yote mwishoni, mikononi mwa msimamizi, na kila inapochotwa andika nani kachota na kwa nini.

Kila wiki uliza, "Zimebaki siku ngapi?" Usiulize asilimia. Kazi iliyofika "asilimia 90" inaweza kukaa hapo wiki tatu, na hakuna atakayekuwa amedanganya.

Ucheleweshaji ukitokea, angalia kwanza kama kazi hiyo ina nafasi. Ikiwa nayo, andika na uendelee. Ikiwa haina, jaribu kupishanisha: chumba kilichokauka kipakwe rangi wakati kingine kinasubiri. Kuongeza watu kunasaidia kwenye rangi, kwa sababu kuta zinagawanyika. Plasta haikauki haraka kwa kuongezewa mafundi. Na kwenye kazi inayohitaji maelezo marefu, mgeni humla muda yule anayeijua. Kisichowezekana kwa njia hizo, punguza kazi au usogeze tarehe.

Mteja aambiwe siku hiyohiyo, kwa maneno yasiyozunguka: "Nyaya zimechelewa siku 2 kwa sababu ramani ilibadilishwa. Tutamaliza siku ya 25 badala ya 23. Ukikubali stoo ipakwe rangi baadaye, tunarudi 23. Tunahitaji jibu kabla ya Alhamisi." Bila siku ya mwisho ya kujibu, jibu lenyewe litakuwa ucheleweshaji wa pili.

Ratiba mpya itengeneze pembeni, ile ya kwanza usiifute. Mvutano wa malipo ukianza, hizo mbili zikiwekwa sambamba zinaonyesha kila siku ilipotelea wapi.