Alimantasio ya ordinateri inapiga kelele? Sikiliza kwanza mbele ya kununua ingine

Bandugu, ordinateri ya mezani ikianza kunguruma ao kukwaruza, usikimbilie soko ya Birere kununua alimantasio ingine (ni ile kisanduku ya nyuma yenye inagawia mashini umeme). Kila kelele iko na sababu yake, na hapa kwetu Goma mara mingi ni vumbi tu, ile nyeusi ya mawe ya volkano yenye inaingia fasi zote hata ukifunga madirisha, chembe zake ni ngumu na zikifika ndani ya vantilateri zinachanganyika na mafuta kidogo yenye iko mule, zinaanza kusaga.

Kwanza hakikisha kelele inatoka kweli kwa alimantasio, juu ndani ya bwatie kuko pia vantilateri ya prosesa, pengine na ya karti grafiki, na diski nayo inaweza kugonga. Kunja karatasi ikuwe bomba, upande moja weka kwa sikio, ingine sogeza kule nyuma fasi kable ya umeme inaingilia, kiisha sogeza fasi zingine, utaskia tofauti. Ukiwa bado na mashaka, zima, chomoa kable za diski, washa tena. Kelele ikiisha, ni diski, kopia mafaili yako leo leo, usingoje kesho.

Kama ni alimantasio, sikiliza namna inalia. Inakwaruza asubuhi ukiwasha, kiisha inatulia ikipata joto: vantilateri imekauka mafuta. Tak tak tak yenye inafuata mwendo ya vantilateri: kuko fili ao etiketi inagusa mapanga. Bwatie yote inatetemeka: mavisi imelegea, kaza tu. Sauti nyembamba ya filimbi yenye inabadilika ukianza mchezo ao video, hiyo ni mabobini (fili za shaba zenye zimeviringishwa) ya ndani inatetemeka, inachokesha masikio lakini mara mingi haiharibu kitu. Na ukiskia inapasuka-pasuka na harufu ya kuungua, chomoa kwenye prizi palepale na usiiwashe tena hata kwa kujaribu.

Kunabaki ile mmmm nzito yenye haibadilike, na hapo batu mingi banatupa alimantasio nzima bure. Kama uko unatumia betri na onduleri (ile mashini inageuza umeme ya betri ikuwe ya prizi) ya bei ndogo, jaribu ileile ordinateri kwa umeme ya kawaida ya nguzo za inje. Ikinyamaza, shida ni onduleri: ile ya bei ndogo mingi haitoe wimbi laini, inatoa ya ngazi-ngazi, na alimantasio inalalamika. Dawa yake ni onduleri ya sinus kamili, yenye inatoa wimbi laini. Kubadilisha alimantasio pengine haitasaidia kitu.

Sasa vumbi. Zima, chomoa kable kwenye prizi, bonyeza buto ya kuwasha mara mbili tatu umeme yenye imebaki iishe kidogo, kiisha toa mavisi 4 ya nyuma, uchomoe kable zote na utoe alimantasio inje (piga foto ya kable mbele ya kuchomoa, itakusaidia wakati ya kurudisha). Enda nayo kwa baraza, usifanyie ndani ya chumba juu ile vumbi itarudi humo humo. Pulizia na pompe ya mukono ao kopo ya hewa, na wakati unapulizia ingiza kijiti ushike mapanga, juu ikizungushwa kwa nguvu sana inaharibika. Tafazali usiipeleke kule banapompa mapine: kompresa yao inatoa hewa pamoja na maji, na presha yake inaweza kuvunja mapanga.

Kama kukwaruza haijaisha, inabidi kufungua, na hapa nasema wazi: kama haujazoea, pelekea fundi. Ndani kuko kondansateri kubwa, vile vipande vinaweka akiba ya umeme, zenye zinabeba karibu volti 310 ao zaidi na zinaweza kubaki nayo hata kable imechomolewa. Hata fundi anapima kwanza na testeri mbele ya kuingiza vidole, na kama hapime, tafuta mwingine.

Vantilateri ikisha kutoka, angalia katikati yake upande ya etiketi. Inua etiketi polepole na ukucha, chini yake mara mingi kuko kizibo kidogo cha mpira, kiondoe, utaona ncha ya chuma imezungukwa na uchafu mweusi. Pangusa na kitambaa, weka tone moja ya mafuta ya mashini ya kushona, fundi wa nguo yeyote iko nayo, zungusha na kidole mpaka iende bila kukwama, rudisha kizibo na etiketi. Mafuta ya kupika hapana kabisa, inaganda na kuvuta vumbi ingine.

Ikirudi kulia kisha muda mfupi, badilisha vantilateri: volti 12, ukubwa uleule, milimeta 120 kwa mingi ya sasa na 80 kwa za zamani, na uangalie ipulize upande uleule yenye ya kwanza ilikuwa inapuliza. Usiweke ya polepole sana juu tu ya kutafuta kimya, alimantasio itachemka.

Kama mwisho ni kununua ingine ya okazio, ipime na mukono. Yenye etiketi inasema wati 500 na iko nyepesi sana, mimi siiamini. Soma ampere za laini ya volti 12: ampere 30 mara 12 ni wati 360, hiyo njo nguvu yenye prosesa na karti grafiki zitapata. Na kama nyuma kuko buto ndogo nyekundu ya 115 na 230, hakikisha iko kwa 230 mbele ya kuingiza kable kwenye prizi, juu mashini zenye zinatoka Marekani zinaweza kufika zikiwa kwa 115, na kwa umeme yetu zinapasuka palepale.