Kwezi wa uani kwenye kipande cha mpera: somo la kuchonga na kuchapa

Kwezi anayeokota makombo uani kwangu Dodoma ana jicho jeupe kwenye kichwa cheusi. Kwa jicho lile tu anastahili kuchapwa. Njia ninayofundisha hapa, kuchonga picha kwenye kipande cha mti na kuichapa kwa wino, ndiyo aliyoipa heshima mchongaji Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, ambaye mwaka 1797 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu cha ndege wa nchi yake. Sisi tutumie mpera: ni mgumu, na nyuzi zake zimeshikana.

Hatua ya kwanza: mti. Usiupasue kama ubao wa meza. Uso wa kuchonga ni ule unaotokea ukikata gogo kama tango, wenye duara za umri. Pale nyuzi zimesimama wima, kwa hiyo chuma hupita upande wowote bila kuchana. Adui ni ukavu wetu. Vipande vyangu vya kwanza nilivikata Julai, upepo ukivuma. Wiki haikuisha vikawa vimepasuka kutoka moyoni hadi kwenye gome. Mti husinyaa zaidi kufuata duara kuliko kuelekea moyoni, hivyo kipande cha duara zima lazima kipasuke mahali. Siku hizi kwanza nalipasua gogo sehemu nne kwa urefu, natupa moyo, napaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote, kisha naziacha sehemu hizo kivulini miezi sita hivi. Baadaye ndipo nazikata kama tango, vipande vya unene wa sentimita 2, na kuviunga kwa gundi ya mbao. Msasa namba 120, 400, halafu 800, mpaka uso ung'ae.

Hatua ya pili: mchoro. Paka uso wino mweusi mwepesi. Sugua chaki nyuma ya karatasi yenye mchoro, ipitishe penseli juu yake. Kumbuka kwezi anayetazama kushoto atatoka akitazama kulia.

Hatua ya tatu: kuchonga. Chukua tupa ndogo ya pembetatu iliyochakaa, inoe ncha kwa mshazari wa nyuzi 45, ukiichovya majini mara kwa mara isipate moto ikalainika. Mpini uwe mfupi, wa mviringo, ukae kiganjani. Weka kipande juu ya kifuko cha jinzi kilichojazwa mchanga. Mkono wa kulia unasukuma tu. Wa kushoto ndio unaozungusha kipande, vidole vikiwa nyuma ya ncha daima. Unachoondoa kitakuwa cheupe, unachoacha kitakuwa cheusi. Kwa hiyo usichore ndege, mulika mwanga ulipo. Anza na jicho: duara jembamba, nukta ibaki katikati. Ufuate mstari mweupe wa kifuani, kisha vistari vifupi vya tumboni. Mgongo uguse kidogo sana.

Hatua ya nne: kuchapa. Tandaza wino wa mafuta kwa rola, mwembamba, laza karatasi laini, sugua kwa mgongo wa mwiko.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Huku Kondoa kuna mabaki ya mpingo kwa wachongaji. Unafaa?

Marahaba mwanangu. Mpingo ni mzito hadi huzama majini, na utakula ncha ya tupa kabla hujamaliza bawa. Anza na mpera.

Kaka, wino wangu unatoka na vidoti vyeupe.

Hilo ni vumbi, dada. Chapa alfajiri kabla upepo haujaanza, na ufute kipande kwa brashi kavu kila mara kabla ya kupaka wino.

Mnana ni wa njano. Nitamtoaje kwa wino mweusi?

Njano ichukulie kama mwanga: ondoa karibu mwili wote, uache uso mweusi wa dume na mistari ya mabawa. Ila mwili mweupe juu ya karatasi nyeupe utapotea, kwa hiyo nyuma yake usichonge kila kitu. Acha majani ya mwarobaini yakiwa meusi, chonga mishipa yake tu, na kingo za mnana zitaonekana zenyewe.