Globu ya taa ya mbele inaungua kila mwezi? Usinunue nyingine kabla hujaitazama iliyokufa

Kuna kipindi nilikua nanunua globu za taa za mbele kama mtu anavyonunua vocha. Gari ni Probox, globu zake H4, ile ya miguu mitatu yenye dimu (mwanga wa chini) na full (wa mbali) humohumo ndani, na kila baada ya wiki tatu nne moja imekufa. Unatoka zako Morogoro usiku, unafika maeneo ya Chalinze, unashangaa magari yanayokuja yamebana katikati ya barabara kabisa, kumbe wenzio wanaona taa moja wanajua ni bodaboda inakuja. Siku lori liliponipitia karibu mpaka saitimira ikajikunja yenyewe ndo nikasema hapana, hili jambo sasa nalitafutia mzizi.

Kosa langu la muda wote lilikua hili, globu ikifa naitoa, naitupa mtaroni, naenda dukani. Yaani nilikua namtupa shahidi. Globu iliyokufa inakwambia kilichoiua, ila lazima uitazame kwenye mwanga, na kabla hujaitazama ujiulize swali moja tu: zinakufa za upande mmoja, au leo kushoto kesho kulia? Kama ni upande uleule kila siku, shida iko palepale kwenye taa. Kama zinapokezana, shida ni umeme wa gari zima na hapo hata ukinunua globu ya bei gani unamwaga maji kwenye gunia.

Kwanza tuwekane sawa, globu hazidumu milele. Halojeni ya kawaida, yaani globu za uzi kama hizi H4, inaenda masaa mia kadhaa. Chukua 500 kwa mfano, ukiwasha taa saa moja kila siku hiyo ni zaidi ya mwaka, lakini kama we ni wa safari za mikoani unawasha taa asubuhi mpaka jioni mchana kweupe, masaa nane kwa siku, zimeisha kwa kama miezi miwili na hakuna mchawi hapo. Piga hesabu yako kabla hujamlaumu fundi.

Haya, itoe globu uishike kwenye mwanga. Kioo kikiwa cheupe safi ila uzi wa ndani umekatika tu, mara nyingi ni mtikisiko. Ukiona kioo kimefanya giza, kimepakwa kama rangi ya kioo cha kujitazamia, na ncha za uzi zimeyeyuka zina kidonge kidogo, hapo ni uzee au umeme mwingi, na kama ina mwezi mmoja tu basi uzee utoe. Ndani kukiwa na ukungu mweupe kama maziwa, hewa imeingia, yaani kioo kimepata ufa, huenda maji yalikirukia kikiwa cha moto. Na ukiona kioo kimevimba upande mmoja kama kipele, huyo alishikwa na vidole vyenye mafuta.

Hilo la vidole wengi wanaona ni ushamba lakini ni kweli kabisa. Kioo cha halojeni kinapata moto wa mamia ya nyuzi, mafuta ya mkono yakibaki pale yanaungua, sehemu ile inapata joto kuliko nyingine, kioo kinalegea au kinapasuka. Sasa fikiria fundi ametoka kumwaga oili ya gari jingine, anajifuta kwenye ovaroli, anachomoa globu mpya kwenye boksi anaishika kiooni anaichomeka. Nimeona kwa macho yangu, tena kwenye gari langu. Siku hizi globu nachomeka mwenyewe, naishika kwenye chuma cha kitako, na ikitokea nimegusa kioo naifuta na spiriti ya duka la dawa kwa kitambaa safi, naiacha ikauke ndo naiweka.

Turudi kwenye upande mmoja. Shemeji yangu alikua na Corolla ya zamani inamlia globu ya kushoto tu, ya kulia ina miaka. Tulifungua boneti, nikashika taa yenyewe kwa nje nikaitikisa, ikacheza kama jino bovu. Kumbe gari lilishawahi kugongwa huko nyuma, likanyooshwa, likapigwa rangi likapendeza, ila sikio moja la taa lilivunjika na halikurudishwa. Kwahiyo kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi ile taa inatetemeka mwanzo wa safari mpaka mwisho, na uzi wa globu ukiwa wa moto ni laini, hauvumilii hiyo ngoma. Tulifunga sikio kwa bati na skrubu, kazi ya nusu saa, yale matumizi yakaisha. Kwahiyo anza na hilo, tikisa taa. Afu tazama nyuma, kile kiwaya cha kubana globu ya H4 kipo na kinabana? Mafundi wengine wakikipoteza wanafunga na waya wa kawaida au wanaacha soketi ndo ishikilie globu, hapo mtikisiko uko palepale. Mauntingi za injini, ile mipira inayoibeba, zikiwa zimekufa nazo gari linatetemeka mpaka meno, na taa zinakula sehemu yake. Na tabia ya kubamiza boneti kama mlango wa daladala, taa zikiwa zinawaka, iache.

Kitu cha pili upande huohuo ni maji. Nyuma ya taa kuna mpira mweusi mviringo unaovaa kwenye kitako cha globu, una neno TOP linalotakiwa kukaa juu na lazima ukae vizuri pembeni pote. Huo mpira ukichanika, au ukiachwa kwenye gereji ya mtu, maji ya mvua na ya kuoshea yanaingia. Ukiona matone kwa ndani ya kioo cha taa asubuhi usifurahie urembo. Maji ya mpira wa kuoshea gari kwenye globu ya moto ni ufa hapohapo, kwahiyo hata kama mpira ni mzima, ukifika kuosha gari osha taa zikiwa zimepoa.

Kitu cha tatu ni soketi, ile plastiki inayochomekwa kwenye miguu ya globu. Ichomoe uiangalie mdomoni. Ikiwa ya kahawia, imeyeyuka kona, au vile vyuma vya ndani vimefanya kijani, ibadilishe, usiipige msasa ukarudisha. Soketi mbovu haipeleki umeme mwingi, inapeleka kidogo, taa inakua hafifu, ila inashika na kuachia kila ukipita shimo. Na uzi wa globu ukiwa baridi unavuta umeme kama mara kumi ya ule unaovuta ukishapata moto, sasa kila ikizima na kuwaka unaupiga teke. Zipo soketi za kauri madukani, hazina bei ya kutisha, nunua hizo, na viungio vya waya vibanwe au vilehemiwe, sio kuviringisha na kufunga selotepu.

Sasa twende kwenye kesi yangu mimi, zile zinazokufa pande zote. Hapa nimepoteza hela nyingi. Fundi wa kwanza aliniambia waya zote za taa zimechoka nibadilishe, nikabadilisha, globu zikaendelea kufa. Dalili zilikuepo ila sikuziunganisha. Betri ilikua inakunywa maji, kila baada ya wiki mbili naongeza maji ya betri nikawa najua ni jua la Dar tu. Taa ya namba nyuma ilikua imekufa, ya breki moja imekufa. Ukifungua boneti baada ya safari ndefu kulikua na harufu kama ya yai viza. Hivi vyote ni ndugu wa baba mmoja, altaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, inazidisha chaji.

Kupima ni rahisi hata kama hujawahi kushika multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Zile ndogo za njano za dukani zinatosha. Geuza kwenye DC 20, waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Gari likiwa limezimwa tangu usiku betri nzima inakupa kama 12.6. Washa injini, iwe silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, sasa isome tena, inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Afu mwambie mtu akanyage mafuta mpaka injini ifike mizunguko kama 2,000 kwa dakika na washa taa za mbele, zima, washa, huku unaangalia namba. Ikipanda kidogo mpaka 14.7 au 14.8 usihangaike. Ikivuka 15 umempata mwizi.

Yangu silensa ilikua 14.3, safi kabisa, ndo maana yule fundi aliyepima bila kukanyaga mafuta aliniambia chaji iko poa. Mtoto wa jirani alipokanyaga, namba ikapanda 14.8, 15.1, ikakaa 15.4. Nilisimama pale na ile multimita nikawa nahesabu kichwani globu zote nilizonunua. Globu hizi za volti 12 zinapimwa kiwandani kwenye volti 13.2, na ukiongeza umeme kwa asilimia 5 tu maisha yake yanakatika karibu nusu. Kutoka 14.2 mpaka 15.4 globu inabaki na kama theluthi ya umri wake, ya mwaka inakupa miezi minne, changanya na globu zangu za bei ya kutupa na zile safari za usiku, ndo hizo wiki tatu nne. Ilikua ni regyuleta ya ndani ya altaneta, kile kidude kinachozuia chaji isizidi. Ilibadilishwa regyuleta peke yake, sio altaneta nzima, ikarudi 14.2 hata ukikanyaga vipi, na betri ikaacha kunywa maji wiki hiyohiyo.

Kabla hujafungua altaneta lakini, shika tamino za betri, vile vibano vya waya juu ya betri, uzizungushe kwa mkono. Zikicheza, zikaze, zikiwa na unga mweupe au wa kijani zimwagie maji ya moto uzisugue, na ufuate ile waya ya hasi mpaka inapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, nayo ikazwe. Tamino ikiachia sekunde moja injini ikiwa inawaka, altaneta inakosa pa kumwagia umeme na volti zinaruka juu ghafla. Ndo maana nakuomba, fundi akikwambia anapima altaneta kwa kuchomoa tamino gari likiwa linawaka, mzuie mkono. Kwenye magari ya zamani ya kabureta walizoea hivyo na walikua wanapona, kwenye gari la kontroli boksi, lenye kompyuta ya injini, utaunguza globu ukiwa na bahati, ukikosa bahati unaunguza kompyuta.

Upande wa kununua nitasema machache. Soma maandishi kwenye kitako: 12V 60/55W ndo H4 ya gari dogo. Kuna 24V 75/70W za malori, zinafanana kabisa na madukani zinachanganyika, ukiweka ya lori kwenye gari dogo inawaka kama mshumaa, ukiweka ya gari dogo kwenye Fuso inakufa papo hapo. Zile za 100/90W usiziweke kwenye waya za kiwandani, zinayeyusha soketi na swichi, na wala usiongeze fyuzi kubwa ili zikae. Zile za bluu zinazoitwa nyeupe zaidi zinapendeza ila uzi wake unachomwa kwa moto mkali zaidi kwahiyo zinaishi kidogo, hiyo ni asili yake sio ubovu. Na LED za kuchomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni, najua wengi mnazipenda, mi naona zinatupia mwanga machoni mwa watu na mbele yako zinaacha giza, na hazitibu altaneta inayozidisha chaji.

Ukishaweka mpya simamisha gari mita kama tano kutoka ukutani usiku, washa dimu, angalia ule mstari wa mwanga, pande zote mbili zikate kwa urefu uleule. Moja ikiwa inatazama mbinguni hujaikalisha globu vizuri kwenye zile meno zake tatu, itoe uirudishe, ndo ufunge mpira. Halafu tafuta pa kuandika tarehe, mi naandika kwa maka peni pembeni ya boksi la fyuzi, kushoto lini, kulia lini. Pale kwangu ya mwisho imeandikwa Machi mwaka jana, zote mbili, na bado zinawaka.