Plagi za Beetle: soma herufi kabla ya kulipa

Volkswagen Beetle yangu ni ya 1970, injini ya 1300. Baba aliinunua kuukuu, nami nimeirithi hapa Mombasa pamoja na kutu zake. Watu wenye magari kama haya huniuliza waweke plagi gani, na kila mara naanzia pale pale: kabla ya jina la kampuni, tazama urefu wa uzi, yaani ile sehemu ya skrubu inayoingia kwenye injini.

Mimi mwenyewe nilitoka dukani siku moja na plagi nne za NGK BP6ES, kwa kuambiwa kwamba za gari la petroli ni zile zile. Nikampelekea mzee mmoja fundi, aliyezifungua Beetle tangu ujana wake. Akatoa moja kwenye boksi, akailaza juu ya madigadi kando ya ile kuukuu. Unene sawa, kauri sawa, mahali pa kushika spana pia sawa. Ila uzi wa ile mpya ulimpita mwenzake kwa kama unene wa penseli. "Mwanangu," akaniambia, "ukiifunga hii, pistoni itakuja kuipiga kichwa." Nikazirudisha jioni ile ile.

Hedi (kichwa cha injini, panapofungwa plagi) ya Beetle inataka uzi wa milimita 12.7. Zile nilizouziwa zilikuwa na 19. Hata isipogongwa, sehemu iliyojitokeza ndani hushika masizi, na siku ya kuifungua inatoka na uzi wa hedi. Hedi ni ya aluminiamu, haivumilii.

Ndiyo maana nasoma herufi. Chukua NGK B6HS. B ni kipenyo cha uzi, milimita 14. H ndiyo ule urefu wa 12.7; ukiona E mahali pake, iache dukani. 6 ni kiwango cha joto. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani plagi "ya moto" hutoa cheche kali zaidi. Cheche haihusiki. Plagi ya moto hukaa na joto lake nchani ikaunguza masizi. Ya baridi hulipitisha joto upesi kwenye hedi. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume: W7AC ni ya baridi kuliko W8AC. Basi anayehama kampuni asifuate namba kwa mazoea. B5HS inalingana na W8AC, na B6HS na W7AC.

Gari langu likizunguka mjini tu, sokoni na kurudi, naweka B5HS, maana B6HS hushika masizi. Nikienda Nairobi na watu wanne na mizigo, jua la Mtito Andei juu na injini inapozwa kwa upepo peke yake, nafunga B6HS. Za iridiamu sijaona haja yake kwenye injini ya kabureta na platini (ile swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche). Pesa hiyo nunulia nyaya mpya.

Feki zipo nyingi. Jaribu washa ya plagi, ile pete ya chuma juu ya uzi, kwa vidole: kwenye NGK halisi haichomoki kirahisi. Tazama pia kama ncha ya pembeni imekaa sawasawa juu ya ile ya katikati.

Pima mwanya kati ya ncha hizo mbili kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi), milimita 0.7, hata kama boksi linasema imeshapimwa. Unapofunga, injini iwe baridi kabisa. Usianze kwa spana: chomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi, kisha izungushe kwa huo mpira. Uzi ukienda mshazari, mpira utateleza mkononi mwako kabla hujaharibu kitu. Ikishakaa, kama washa ni mpya, kaza kwa spana nusu mzunguko na kidogo.

Baada ya safari ndefu, acha injini ipoe, zifungue zote nne uzipange juu ya boksi uliloandika 1 hadi 4. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu ni petroli nyingi, au plagi baridi kupita kazi yake. Ikiwa imelowa oili, tazama ringi za pistoni na gaidi (miongozo) za valvu. Plagi mpya haitaponya hilo. Mimi huanza na ya silinda ya 3, ile ya mbele kushoto, kwa sababu kwenye injini za umri wa yangu upepo wake hupitia kwanza kwenye kipoza oili, ukafika umeshapata moto. Ikitoka nyeupe na wenzake ni kahawia, sikimbilii plagi ya baridi zaidi. Nakagua mkanda wa feni, taiming (wakati cheche inapowaka), na kama manifoldi, bomba la kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa, inavuta hewa upande ule.